Mwanangu na Jina la Shangazi Yake

Mama mkwe alichovya kidole kwenye bakuli la sukari kabla ya kulitaja jina lile. Nilimwona. Nilikuwa nimelala ubavu kitandani, macho nusu wazi, na yeye alidhani usingizi umenichukua. Mimi ni mtu wa kushuku na sijifichi. Mama yangu mzazi alikuwa akiwasimulia watu kwamba nilipokuwa mdogo niligeuza kila kiazi kwenye sahani nitazame upande wa chini kabla sijala. Watu wakicheka, mimi nilikuwa nawatazama hao waliocheka.

Mtoto alikuwa na siku tano, wa kiume, na alikuwa amelia tangu alfajiri. Tulikaa Migori mjini, chumba na sebule kwenye ploti moja nyuma ya kinu cha kusagia mahindi, na mume wangu alifundisha shule ya msingi hapo karibu. Yeye ni Mjaluo. Mimi ni Mkuria wa upande wa mpakani, nikaolewa kwao nikiwa na Kijaluo cha salamu na cha kununulia nyanya. Ndiyo maana mimi na mama mkwe tuliongea Kiswahili, kila mmoja na chake.

Kwao mtoto akilia bila sababu ya kuonekana, wanasema anadai jina. Mmoja wa waliokufa katika ukoo amekuja, anataka akumbukwe. Basi mkubwa humshika mtoto, huyataja majina ya marehemu moja baada ya jingine, na lile litakalomnyamazisha ndilo lake. Sikuyadharau mambo hayo. Hata kwetu wafu hawasahauliwi hivi hivi, tena nilikuwa na sababu yangu. Mtoto wetu wa kwanza, msichana, tulimpa jina tulilolipenda wenyewe kutoka kwenye kalenda ya kanisa, akafa akiwa na miezi minne. Daktari alisema ni homa. Wakwe walisema ni jina. Mimi, huyu wa pili alipokuja, niliapa kwamba atapata kila kinachotakiwa: chanjo, chandarua, na jina la wenyewe.

Mama mkwe alianza na wanaume. Akamtaja babu wa mume wangu, akamtaja ami yao aliyekufa vitani, akamtaja mmoja ambaye alisifika kwa kula. Mtoto akazidisha sauti kwa kila jina. Ndipo nikaona mkono ukienda polepole kwenye trei ya chai, kidole kikazama kwenye sukari, jina likatajwa, na kidole kikaingia kinywani mwa mtoto. Kimya. Hata angekuwa chifu wa eneo zima angenyamaza.

“Hiyo ndiyo jina anataka,” mama mkwe alisema. “Yawa! Umeona vile amenyamaza?”

“Nimeona, mama,” nikajibu. Nilikuwa nimeona kweli.

Jina lenyewe sitaliandika. Mwenye nalo sasa ni mtu mzima na ana mdomo wake. Itoshe kusema kwamba ni la zamani, ni la nadra, na halisemi kama anayekuja ni mwanamume au mwanamke. Majina mengi ya Kijaluo ukiyasikia tu umeshajua. Hili ni katika yale machache ambayo tangu zamani huchukuliwa na yeyote, kwa hiyo watu wakilisikia huuliza: ni wa kiume au wa kike? Hilo halikunisumbua. Kilichonisumbua ni mume wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni na kikombe. Alilisikia jina, akakiweka kikombe chini bila kumaliza chai, akatoka nje.

Jioni nilimbana. Akaniambia ni jina la dada yake. Nilijua alikuwa na dada aliyezama ziwani. Jina lake sikuwahi kulisikia, na sasa nikaelewa kwa nini. Msichana yule alikuwa amekataa mwanamume wa Lambwe ambaye baba yao alishakubaliana na watu wake. Akatoroka, akaenda ziwani kuuza samaki. Mzee akasema jina lile lisisikike tena bomani mwake, na halikusikika. Mwaka uliofuata mashua ya wachuuzi ikapinduka kwenye dhoruba, miili mingine haikupatikana, na mtu mmoja akaleta habari kwamba binti yao alikuwa ndani. Pasipo na mwili, Wajaluo huzika yago, lile tunda refu na zito la mwegea. Mzee aliliagiza, likavishwa shuka, likazikwa nje ya ua, mahali anapozikwa msichana ambaye hajaolewa.

“Nani alichimba?” nikauliza.

“Mimi,” mume wangu akasema. Kisha akasema, “Mzee hawezi kukubali.”

Lakini mzee alikubali, na jinsi alivyokubali ndiyo iliyonitia shaka zaidi. Tulimpeleka mtoto bomani alipotimiza wiki tatu. Mzee aliketi kwenye kiti chake cha kukunja, redio mapajani, akamtazama mjukuu, akauliza jina. Mama mkwe akalitaja. Nilihisi boma zima limeacha kupumua, hata kuku.

“Kwa nini yule?” mzee aliuliza. Aliuliza kwa Kiswahili, nadhani ili nami nisikie. “Si mungoje mupate msichana?”

“Mzee, hiyo jina si ya msichana,” mama mkwe akajibu kwa adabu zote, amepiga magoti. “Si ilikuwa ya babu yako?”

“Sasa nani amekuja? Ni babu ama ni yule?”

“Mimi nitajua aje? Wewe ulizika mtu. Mtu amekuja.”

Nilimwona mzee akitafuta pa kupitia na kukosa. Angesema binti yake hawezi kuja kudai jina, angekuwa anasema hakufa, na yeye ndiye aliyemzika mbele ya kijiji. Na marehemu msichana, aliyekufa bila mume, akidai kukumbukwa, hakuna mzee anayetaka kumnyima. Wa namna hiyo ndio wanaoogopwa kuliko wote. Akatema mate pembeni, akasema sawa. Akafungua redio.

Nilirudi Migori nikiwa na hasira. Nilichoelewa siku ile ni kwamba mama mkwe amepata mahali pa kumpangisha mzimu wake, na mahali penyewe ni mwanangu. Wajukuu wengine alikuwa nao, wa mashemeji zangu, wenye baba na mama Wajaluo. Wawili walizaliwa baada ya mazishi yale, na hakuna aliyepewa jina lile. Kwa nini lingoje mtoto wa Mkuria? Niliuliza hivyo kitandani, nikauliza jikoni, na mume wangu akanijibu kila mara kwamba hayo ni mambo ya wazee. Nikamshuku naye.

Halafu zikaanza siku za soko. Kabla mtoto hajazaliwa mama mkwe alikuwa akija mjini labda mara moja kwa mwezi. Sasa akawa anafika kila wiki, asubuhi, jasho la safari likiwa bado usoni. Kulala kwetu hakulala, maana kwa mila yao mama halali nyumbani kwa mwanawe. Alikunywa chai, akamfunga mtoto mgongoni kwa leso, akasema, “Nyar Kuria, pumzika, acha nitembeze mjukuu.” Nyar Kuria ni binti wa Wakuria, ndivyo alivyoniita. Wakwe wengi hawapumzishi mtu, na mimi badala ya kushukuru nikawa nahesabu saa. Alikaa saa tatu, saa nne, akarudi na samaki mmoja, au bila hata dagaa. Mtoto alirudi ananuka omena, hao dagaa wa ziwani.

Mtoto alipokuwa na miezi saba nikamfuata bibi yake.

Nilifunika kichwa kwa leso, nikapita kwenye mitumba, nikasimama nyuma ya kibanda cha suruali. Mama mkwe hakwenda kwenye mboga wala kwenye nafaka. Alikwenda moja kwa moja pale magari ya Homa Bay yanaposhusha samaki, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa kati ya magunia ya omena, na mtoto mgongoni. Kisha akaanza kumgombeza. Alimwita kwa jina, kwa sauti ya kuvusha mto: wewe fulani, acha mchezo! Wewe fulani, keti vizuri! Fulani, nitakuchapa! Nikanyoosha shingo. Mtoto alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi, mate yakimtiririka bibi yake begani. Na bibi mwenyewe hakuwa anamtazama. Alikuwa akiwatazama usoni wanawake walioshuka na mizigo, mmoja mmoja, kama mtu anayesoma orodha ya waliofaulu mtihani.

Nilijua sasa ni uchawi. Nilijua kwamba kuna mtu anaoneshwa mtoto wangu na anatajiwa jina lake mara nyingi mpaka likae. Nilitaka kuruka pale nimnyang'anye, lakini nikajizuia. Nilitaka kwanza kujua ni nani anayeoneshwa. Nikangoja. Hakuna aliyekuja. Mwishowe mama mkwe alinyanyuka, akapangusa magoti, akashika njia ya kurudi kwangu. Alionekana amechoka kuliko nilivyowahi kumwona.

Nilimwendea mchuuzi aliyekuwa amekaa karibu naye, mwanamke mnene mwenye aproni ya plastiki, nikajifanya nauliza bei.

“Yule mama anafanya nini hapa?” nikauliza.

“Hata sijui. Mimi ni mgeni hii soko, leo ni mara yangu ya pili. Anaita mtoto mpaka masikio inauma.” Akacheka. “Lakini hiyo jina si ya kawaida. Kuna dada mmoja kwetu Homa Bay, anakaanga samaki karibu na gati, anaitwa hivyo tu. Nilikuwa nataka kumwambia huyu mama, lakini yeye anaita, haulizi.”

“Dada wa miaka mingapi?”

“Kama thelathini hivi.”

“Kwao ni wapi?”

“Ukimuuliza kwao anasema kwao alishazikwa.” Akachota omena kwa kikopo, akainyanyua. “Sisi hucheka tu, tunajua ni mzaha. Nikupimie?”

Nilinunua omena ambayo sikuihitaji. Nyumbani nilimkuta mama mkwe amemlaza mtoto na anachambua mchele wangu, nikamwamkia kama kawaida, na sikumwambia. Ningesema nini? Sikujua bado kama yeye anajua, na kama anajua, anajua kiasi gani. Mtu wa kushuku akipata habari huificha kwanza, ndiyo ada yake.

Lakini hofu niliyolala nayo ilikuwa nyingine. Jina lile lilitolewa kwa njia ya wafu. Je, kama mwenyewe hajafa? Kwenye ploti yetu kulikuwa na mjane mmoja wa makamo, Mjaluo, mtu wa kanisa la Sabato lakini anayejua ya zamani pia. Nilimuuliza kwa mbali, kana kwamba ni habari za watu wengine. Aliacha kufua, akafikiri.

“Hiyo ni mbaya,” akasema. “Wawili kwa jina moja namna hiyo, mmoja anaweza kuita mwenzake.”

“Amwite wapi?”

Akarudi kwenye nguo zake.

Wiki hiyo hiyo mtoto akashikwa na homa. Zahanati walimpa dawa ya maji, homa ikashuka, kisha ikapanda tena. Nilikaa nikimtazama anavyohema na nikamwona marehemu dada yake katika uso ule ule, mashavu yale yale. Nililia, nikakasirika kwa sababu nilikuwa nalia. Nikamwambia mume wangu nampeleka mtoto hospitali kubwa ya Homa Bay. Ilikuwa kweli nusu. Nusu ya pili ni kwamba nilikuwa nakwenda kumtafuta mwenye jina, nimrudishie lake, ili asimwite wangu.

Ilikuwa miaka ile magugu ya majini yalipoziba ghuba ya ziwa. Maji hayakuonekana kabisa, ilikuwa kijani tupu mpaka mbali, na mashua zimekwama ndani yake zimetazama huku na kule. Samaki walikuwa wachache na wakaangaji walikuwa wengi. Nilimpata bila shida; niliulizia jina na kijana wa baiskeli akanionesha kwa kidevu. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mikono mikubwa, amesimama nyuma ya karai la mafuta, anawatania wateja. Alikuwa na paji la uso la mume wangu. Machale yangu yote yalinyamaza kwa mpigo, maana hapakuwa na cha kushuku tena.

“Mama, nikupe gani?” akaniuliza.

“Hiyo ya kati.”

Akaitoa, akaifunga gazeti. Akamwona mtoto. “Huyu ni mgonjwa. Anaitwa nani?”

Nikamtajia.

Alikuwa ameshika kijiti cha kugeuzia. Hakugeuza. Samaki wakaanza kuungua, na jirani yake akamfokea, na bado hakugeuza.

“Nani alimpa hiyo jina?” akauliza.

“Bibi yake. Mama yako.”

Aliketi juu ya debe. Nami nikaketi kando yake. Aliniuliza mimi ni nani, nikamwambia. Akauliza kama kaka yake bado anakohoa usiku, nikamwambia bado. Kisha maneno yakatoka yenyewe. Mashua ile hakuipanda. Siku hiyo alikuwa na malaria, akampa mwenzake nafasi, na mwenzake akafa. Habari za mazishi yake alizipata kwa mtu wa kijijini kwao aliyekuja Homa Bay kwa shughuli zake. Mtu yule alimwona, akaiangusha baiskeli yake, akakimbia akaiacha barabarani.

“Niliita, nikamwambia ni mimi,” alisema. “Ndio akazidi kukimbia.” Alicheka kidogo, kisha hakucheka. “Sasa mtu amezikwa anarudi aje? Nikaingie kwa boma, baba aseme nimekuja kumchukua? Watoto walie? Nikae wapi, juu ya hiyo yago?”

“Ungebadilisha jina basi, usijulikane.”

“Nibadilishe niwe nani? Baba alichukua boma, akachukua mama. Hiyo jina ndiyo kitu nilibaki nayo.”

Hapo ndipo nilipopaswa kumwonea huruma, na nilimwonea, lakini mtoto alikuwa anachoma mgongo wangu kama jiwe la jikoni. Nikamwambia waziwazi: nimekuja kukurudishia. Mwanangu ana jina lako kwa njia ya wafu na wewe ni mzima, na sasa anaumwa, na mimi nimeshazika mmoja. Sitaki wa pili. Lichukue. Nilisema kwa ukali, kana kwamba yeye ndiye aliyetoka usiku akaja kuliweka kwenye kitanda chetu.

Hakukasirika. Alifuta mkono kwenye gauni, akaugusa utosi wa mtoto, akafungua kope lake kwa kidole, akatazama.

“Hii ni malaria,” alisema. “Umempeleka hospitali?”

“Nilianza huku.”

“Nyar Kuria, wewe ni mjinga,” akasema, na sikujua alijuaje kuniita hivyo. Akamwachia jirani karai, akaita baiskeli mbili.

Alikaa nasi hospitalini tangu saa nne mpaka alasiri. Alimshika mtoto mguu alipotobolewa damu, maana mimi sikuweza kutazama. Kwenye dirisha la kadi karani aliniuliza jina la mgonjwa, na nikasita. Nilikuwa nimejiandaa na jingine, la baba yangu, zuri, la marehemu wa uhakika. Wifi yangu alikuwa nyuma yangu. Nilihisi anangoja nami. Nikasema lile lile, kwa sababu kadi ya kliniki ilikuwa nalo na nilikuwa nimechoka, na huo ndio ukweli.

Baadaye muuguzi akatoka na majibu, akaliita jina kwa sauti ukumbini. Tulisimama wote wawili, mimi na yeye. Tukatazamana. Watu kwenye mabenchi walitutazama pia, maana mwanamke mzima alikuwa amesimama kuitikia jina la mtoto. Yeye ndiye aliyeketi.

“Enda,” akaniambia. “Si mimi. Ni yeye anaitwa.”

Ilikuwa malaria kama alivyosema. Walimpa sindano na vidonge vya kusaga, na tulipotoka mtoto alikuwa ameanza kutoa jasho, na jasho lile lilikuwa zuri kuliko mvua. Wifi alitaka kumbeba mpaka stendi, nikampa. Alitembea mbele yangu akimsemesha Kijaluo, maneno mengi, na nilielewa moja tu, lile jina. Alilisema polepole, kama mtu anayempisha mwingine mlangoni. Kwenye gari alimrudisha mgongoni pangu, akakaza leso. Nikamuuliza ana ujumbe gani kwa mama yake. Akatikisa kichwa. Akasema mama asiambiwe afike huko, mzee akijua atamtesa. Kisha akaondoka haraka kwa zile hatua zake ndefu.

Mtoto alipona. Siku ya soko iliyofuata mama mkwe alifika, akanywa chai, akachukua leso.

“Mama,” nikamwambia, “leo usiende upande wa samaki.”

Alibaki na leso mkononi. “Kwa nini?”

“Yuko Homa Bay. Anakaanga samaki karibu na gati. Ni mzima, amenenepa, na ni mtani.”

Aliketi sakafuni, si kwenye kiti kilichokuwa karibu yake. Nilidhani atapiga yowe, nikaenda kufunga mlango. Hakupiga. Alisema kwa sauti ndogo kwamba alijua. Alisema mume wake alimwonesha tunda ndani ya shuka, akamwambia alie. “Nikaangalia hiyo kitu. Mimi sikuzaa yago.” Kuuliza hakuweza, kwa sababu mzee alikuwa amelipiga jina marufuku, na kwa sababu anayemuulizia aliyezikwa kana kwamba yu hai anajiitia balaa. Lakini kumwita mjukuu wake hakuna wa kumkataza. Alipanga liende na magari ya samaki, kutoka mdomo hadi mdomo, mpaka mtu aseme kuna mwingine mwenye jina kama hilo. Na kwa nini wangu? Kwa sababu wale wajukuu wengine walikuwa bomani, karibu na mzee, na sisi tulikuwa mjini.

Nilimkasirikia. Nataka isomeke hivyo. Nilimwambia kwamba miezi saba nimelala jicho wazi, kwamba nilimwona na kidole chake cha sukari tangu siku ya kwanza, kwamba angeniambia.

“Ningekuambia ungekubali?”

Nisingekubali.

“Nilimfanya barua,” akasema. “Nilikukosea. Sasa imefika. Mpe mtoto jina lingine, hata ya kwenu, mimi nitasema nimeota.”

“Barua haina meno mawili,” nikamwambia. “Wala haikojoi mgongoni mwa mtu. Ameitwa hospitalini kwa jina hilo na amepona nalo. Ni lake.”

Akalia hapo, kimya kimya, leso mdomoni. Nilimwacha amalize. Kisha akauliza jambo moja tu, na aliuliza kama mtu anayeogopa kuguswa kidonda.

“Na huko, watu wanamwita nani?”

“Vile vile. Hakubadilisha.”

Nilimfunga mtoto mgongoni mwake kwa mikono yangu mwenyewe, nikaweka kadi ya kliniki kwenye kikapu, nikamwambia gari la Homa Bay linaondoka saa nne. Mzee akiuliza, mtoto alikuwa na siku ya kurudi kwa daktari na mimi ndiye niliyemtuma. Akasimama mlangoni, mguu mmoja nje, akageuka.

“Nikifika nitamwambia nini, nyar Kuria? Nianze aje?”

“Mwite tu jina lake, mama,” nikasema. “Ataitika.”